Tani Nane za Mama Mkwe

Jumatatu, 16 Juni

Uyole, kwa wakwe zangu. Baridi ya kukata masikio. Nimekuja kutoka Iringa kwa kikao cha familia ya mke wangu na nimetoka na lori. Yaani, karibu nitoke nalo.

Maelezo kwa wajukuu watakaosoma shajara hii nikishakuwa mtu mkubwa. Baba mkwe wangu, Mzee Adrian, alifariki mwaka jana. Ameacha mjane, yaani mama mkwe. Ameacha mtoto wa kiume, Dastan, shemeji yangu na msalaba wangu. Ameacha binti, Faustina, mke wangu. Na ameacha lori. Lori la kale la pua ndefu, la tani nane, limeandikwa juu ya kioo BADO NIPO. Tangu msiba limesimama nyuma ya nyumba. Kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva.

Dastan alisimama akasema liuzwe chuma chakavu. Ameshapata mnunuzi. Ananunua kwa kilo! Lori lililojenga nyumba hii, lililomsomesha yeye mwenyewe, liende kwa kilo pamoja na masufuria yaliyotoboka!

Nikasimama na mimi. Nikasema lori hili litabeba viazi kutoka hapa mpaka Iringa, kihalali, karatasi zote mkononi, bila kushikwa mahali popote. Nilisema vizuri sana. Shangazi mmoja aliacha kutafuna.

Mama mkwe alifikiri, kisha akatoa hukumu. Safari moja, Jumamosi. Likifika Iringa bila kushikwa, lori linabaki na mimi ndiye nitalisimamia. Likishikwa, Dastan ampigie mnunuzi wake palepale barabarani. Na yeye mama atapanda, anataka kuwaona wajukuu kwangu Mlandege, palepale Iringa.

Nikakubali mbele ya wote. Nililipenda lori hili tangu nikiwa mchumba. Marehemu ndiye mtu pekee wa ukoo ule aliyenipokea kama mtu. Aliwahi kuniambia kwamba nina injini nzuri, breki ndiyo sina. Mpaka leo naihesabu kuwa sifa.

Tatizo moja dogo. Leseni yangu ni ya magari madogo.

Jumanne, 17 Juni

Nimeamka na akili. Usiku nilisoma kwenye simu kwamba kuna nchi ya Wazungu ambako lori la kale mno, likiwa tupu, mtu huruhusiwa kuliendesha na leseni ya gari dogo. Kwa heshima ya uzee wake! Wenzetu wanajua kuheshimu wazee. Nikawaza, na sisi si ndio tunaosifiwa kwa heshima?

Nikaenda mjini Mbeya, kwa askari wa usalama barabarani. Nilipokelewa na dada mmoja, Afande Blessing. Nikamweleza kwamba lori limezaliwa kabla ya sheria, kwa hiyo sheria inapaswa kuliamkia. Alisikiliza mpaka mwisho, nikajua nimeshinda. Akauliza kama nimekuja nalo. Nikasema hapana, nimekuja na bajaji. Akasema basi leo nimefanya jambo moja jema.

Akanieleza kwamba huku kwetu sheria haiulizi gari lina umri gani, inauliza lina uzito gani. Lori la tani nane linataka leseni ya daraja la magari makubwa na cheti cha mafunzo. Linataka bima. Linataka ukaguzi. Linataka kibali cha kubeba mizigo. Na litapita kwenye mzani, kama magari yote yanayozidi tani tatu na nusu.

Mengine sikuyasikia. Nilikuwa nimeshapata nilichokifuata. Tani tatu na nusu!

Kumbe tatizo si leseni. Tatizo ni unene wa gari.

Jumatano, 18 Juni

Leo tumelipunguza lori.

Nimemkodi fundi Idrisa, mtu wa Tanga aliyehamia Mbeya na hajaacha kulalamikia baridi. Nilimwambia ang'oe kila kisicho na kazi. Akauliza kipi hakina kazi. Nikamwambia aanze na mbao za pembeni za bodi. Kisha geti la nyuma. Kisha tairi la akiba, kwani nani anapanga kupata pancha? Kisha mlango wa kushoto. Kisha boneti. Kisha kioo cha pembeni, ambacho kilitoka chenyewe kabla hajakigusa.

Mpaka mchana uwanja ulijaa vyuma. Nikamuuliza Idrisa tumepunguza kiasi gani. Akajifuta mikono, akatazama rundo, akatazama lori. Akasema tumepunguza kama uzito wa ng'ombe mmoja, na asiwe wa maziwa. Nikauliza mpaka kufika tani tatu na nusu kimebaki nini cha kung'oa. Akasema imebaki kung'oa injini, na baada ya hapo leseni yoyote itatosha.

Hapo ndipo mama mkwe akarudi kutoka shamba.

Alisimama na jembe begani. Lori la mume wake limekaa uchi mchana kweupe, majirani wanachungulia juu ya ua. Hakunifokea. Mama mkwe hafoki. Alivua khanga yake ya juu akaitandaza juu ya injini, akaingia ndani. Baadaye akamtuma shangazi aniambie kwamba tangu dunia iumbwe hajasikia mkwe aliyemvua nguo baba mkwe wake, tena marehemu.

Nimemlipa Idrisa mara mbili. Mara ya kwanza kuvua, mara ya pili kuvisha. Khanga nimeikunja vizuri nikamrudishia kwa kuiweka kizingitini, kwani sikuthubutu kumtazama.

Alhamisi, 19 Juni

Siku ya unyenyekevu. Nimemwomba Dastan aendeshe.

Dastan ana leseni ya daraja linalotakiwa, na cheti cha mafunzo kimepigwa fremu sebuleni kwake kama picha ya harusi. Alikubali haraka mno. Mtu anayetaka lori liuzwe amekubali kulisaidia lisiuzwe? Nilimchunguza uso. Alikuwa anatabasamu. Shemeji anayetabasamu ni wa kuogopwa kuliko anayenuna.

Akasema yeye ataendesha kwa haki, hatalihujumu, maana amelelewa na Mzee Adrian na si na mbwa. Akasema hana haja ya kulihujumu. Mimi nitatosha. Sikumwelewa.

Mengine yamekwenda kama maji. Bima, tayari. Kibali cha mizigo, tayari. Ukaguzi, tayari, na mkaguzi alipiga konde juu ya tairi, akasikiliza injini, akauliza nani alikuwa akilitunza. Nikasema marehemu. Akavua kofia. Karibu nilie. Kweli, karibu nilie, mbele ya Dastan.

Karatasi zote nimezipanga kwenye mfuko wa nailoni. Nimezisoma mara kadhaa. Sijawahi kuwa mtu halali kiasi hiki. Ni hisia ngeni, kama kuvaa viatu vya mtu.

Faustina amepiga simu kutoka Mlandege. Amesema safari hii nisiongeze kitu chochote cha kwangu. Nimemuuliza kitu gani kwa mfano. Akasema akili.

Ijumaa, 20 Juni

Kupakia!

Hapa ndipo penye fani yangu. Niandike kidogo kuhusu biashara, kwa faida ya wajukuu.

Pale Mlandege kuna mfanyabiashara anaitwa Muhidini. Ana lori jipya na ndevu nzuri. Muhidini hununua viazi kwa kupima. Anatembea na mzani wake wa kuning'iniza, gunia linatundikwa, mkulima anasoma mwenyewe, mdomo unashonwa bapa. Mjinga! Watu wanamwita mwaminifu, lakini huo ni ujinga uliovaa kanzu.

Mimi hununua kwa lumbesa. Gunia linajazwa, linashindiliwa kwa goti, linatikiswa, linajazwa tena. Likishasema basi, unalishonea wavu juu na kuongeza madebe mawili. Nyongeza hiyo mimi huiita kilemba. Mkulima analipwa gunia moja. Nikifika Iringa nafungua, napata karibu gunia na nusu. Serikali imekataza. Serikali imekataza mambo mengi.

Hata mama mkwe huniuzia hivyohivyo, miaka yote. Biashara haina undugu. Na sijawahi kumsikia akilalamika, ingawa ni kweli kwamba sisi wawili hatuongei sana, kwa heshima.

Leo nimenunua kwake na kwa majirani. Magunia yake ameyashonea uzi mwekundu yasichanganyike. Vilemba vyote nimesimamia mwenyewe. Jirani yetu, Mzee Anania, aliuliza kama gunia lake halijapata ujauzito. Nikacheka naye. Sharti ucheke na mkulima wakati wa kushona.

Kisha hesabu. Lori la tani nane. Gunia ni kilo mia, ndivyo ilivyoandikwa kwenye hati ya mzigo, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Magunia themanini ni tani nane kamili. Si kilo moja zaidi! Mwalimu wangu wa darasa la nne, popote alipo, angejutia fimbo alizonichapa.

Dastan alizunguka lori. Akachuchumaa, akatazama spring za nyuma. Akasema zimelala kabisa. Nikamwambia kitu kizee kinahitaji kulala. Akauliza tena, kwa upole, kama nina hakika na uzito wa magunia. Nikampa hati ya mzigo asome. Akaisoma. Akatabasamu lile tabasamu lake.

Wivu ni ugonjwa.

Jumamosi, 21 Juni

Naandika nikiwa Mlandege, kwangu, jioni.

Tuliondoka Uyole asubuhi. BADO NIPO ilinguruma mara moja tu na kuitika! Majirani walipiga makofi. Mama mkwe aliweka kiganja kwenye mlango kabla ya kupanda, akasema kitu kwa lugha yao ambacho sikukisikia na hakikunihusu.

Tatizo la kwanza. Kiti cha mbele ni kimoja kirefu. Dastan kwenye usukani, mama katikati, mimi nibanane na mama mkwe mpaka Iringa? Bega kwa bega? Hilo haliwezekani, hata mwendawazimu wa Uyole anajua. Mama mwenyewe alinisaidia. Aliweka tenga la kuku mahali pangu, ili kila mtu aone kuwa pamejaa. Nikamshukuru kwa kuinama, nikapanda juu ya viazi.

Tatizo la pili. Kukaa juu ya mzigo ni kosa. Kwa hiyo kila tulipokaribia askari, Dastan alipiga honi, nami nikajilaza chini ya turubai. Nikawa nasikia sauti tu. Karatasi zikaombwa, karatasi zikatolewa. Igurusi, safi. Chimala, safi. Pale Igawa askari alisema hajaona lori zee lenye karatasi nzuri namna hii. Chini ya turubai nilijikumbatia kwa furaha.

Tatizo la tatu ni mzani.

Mzani wa barabarani ni mahali penye utulivu. Gari linapanda taratibu, tairi za mbele kwanza, kisha za nyuma. Tulipanda. Mbele, sawa. Nyuma, taa nyekundu. Nikasikia Dastan akiambiwa ashuke. Nikasikia neno ekseli. Kisha turubai likafunuliwa, na dada mmoja mwenye ushungi na koti la kung'aa akanikuta nimelala kifudifudi juu ya viazi.

Nikamwamkia.

Anaitwa Ruwaida, ndiye karani wa zamu. Hakuonyesha mshangao. Akaandika kosa la kwanza, abiria juu ya mzigo. Akasema la pili ni uzito. Tairi za nyuma zimezidi kwa zaidi ya tani mbili. Lori liegeshwe pembeni, mzigo uliozidi ushushwe, faini ilipwe. Mpaka hapo, lori limeshikwa.

Limeshikwa! Neno lenyewe! Dastan akaingiza mkono mfukoni kutoa simu.

Nikaruka chini. Niliongea kwa haraka kuliko nilivyowahi kuongea. Nikasema viazi vimenyonya umande. Ruwaida akasema umande wa tani mbili ni ziwa. Nikasema ni matope ya tairi. Akaniomba nimwonyeshe. Nikasema shemeji yangu ni mtu mwenye mwili. Dastan akashuka, mama akashuka na kuku, tukapima upya. Taa nyekundu. Nikashauri magunia kadhaa yahamie mbele, juu ya boneti, tairi za mbele si bado zina nafasi? Ruwaida alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Ndipo nikafanya lile nililofanya.

Nikatoa hati ya mzigo. Nikasema kwa sauti, ili madereva wote waliopanga foleni wasikie, kwamba mimi ni mfanyabiashara halali. Magunia themanini. Kilo mia kila moja. Tani nane. Basi kama mzani wao unasema vingine, mzani wao ndio unahitaji faini! Nikasema natoa changamoto. Literemshwe gunia moja, lolote, lipimwe hapa, mbele ya mashahidi!

Naapa kwamba wakati ule niliamini. Nilikuwa nimeiandika ile kilo mia kwa miaka mingi kiasi kwamba vilemba vilikuwa vimenitoka kichwani kabisa. Kichwani vilitoka. Kwenye magunia vilikuwepo.

Mzani mdogo utatoka wapi, Ruwaida akauliza. Na nyuma yetu kwenye foleni, nani? Muhidini wa Mlandege, lori lake jipya, ndevu zake. Sisi tulipoegeshwa pembeni, yeye alipita mzani kwa muda wa kupiga chafya. Akasema kwa adabu zote kwamba yeye ana mzani wa kuning'iniza, na angefurahi kusaidia.

Wakateremsha gunia. Lenye uzi mwekundu.

Wanaume wawili wakalitundika. Mshale ukaanza kusogea. Ukafika mia. Ukapita mia kama basi linavyopita kituo kisicho na abiria. Ukaenda, ukaenda, ukasimama mia na arobaini na tano.

Kuku mmoja akalia ndani ya tenga.

Mama mkwe alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwangu. Alisogea mpaka kwenye mzani. Akausoma kama Muhidini anavyowafundisha wakulima, kwa kidole. Akagusa uzi wake mwekundu. Kisha akanigeukia na kunitazama usoni, jambo ambalo hajalifanya tangu siku ya mahari.

"Baba," akasema, taratibu. "Miaka yote hii nakuuzia gunia, kumbe nakuuzia gunia na mtoto wake mgongoni?"

Niliona aibu. Naandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma. Niliona aibu mpaka miguuni. Nikajibu kwamba pengine gunia hili lilikuwa na bahati mbaya. Wakatundika la pili. Na lenyewe lilikuwa na bahati mbaya.

Dastan alikuwa ameshapata namba ya mnunuzi. Mama akamwambia aweke simu. Akasema hukumu itatolewa Iringa, si barabarani mbele za watu. Yaliyozidi akayanunua Muhidini, lori lake lilikuwa na nafasi, kila gunia kwa kilo zake, fedha mkononi kwa mama. Kutoka kwenye fedha hizo mama alilipa faini zote mbili, yaani hata ile ya mimi kulala kifudifudi.

Kutoka pale mpaka Mafinga na Iringa nilisafiri kwenye lori la Muhidini. Alinipa karanga. Hakunisema hata neno moja. Mtu katili sana.

Jumapili, 22 Juni

Misa ya kwanza. Padri alihubiri juu ya mtu aliyejenga nyumba yake juu ya mchanga. Faustina alinigusa kiwiko. Nilijifanya naangalia dirisha.

Mchana, hukumu. Sebuleni kwangu mwenyewe, nimekaa kwenye kigoda, mama mkwe kwenye kiti changu. Dastan amevaa shati la mwenye ushindi.

Mama alisema maneno machache. Kwanza, lori lilishikwa. Kwa hiyo Philbert, yaani mimi, ameshindwa. Dastan akasimama. Mama akamwambia akae.

Pili, akasema, amesikia kwa masikio yake lori lilibeba nini. Halikubeba tani nane. Lilibeba zaidi ya tani kumi na moja, likapanda milima yote kutoka Uyole, halikuchemsha maji, halikulia. Lori la namna hiyo si chuma chakavu. Mume wake aliandika BADO NIPO, na hakuwa mtu wa kuandika uongo. Haliuzwi. Kadi ya lori inabaki kwa jina la mama, Dastan ataendesha kwa sababu ana leseni, na watapakia tani nane za kweli.

Nilishindwa kujizuia, nikapiga makofi. Lori limepona! Hakuna aliyepiga pamoja nami, isipokuwa mtoto wangu wa mwisho, ambaye hupiga makofi kwa kila kitu.

Tatu, akasema, kuanzia sasa hakuna kiazi kinachotoka kwenye ua wake bila kupimwa. Muhidini atamletea mzani. Na atakayeshika mzani huo mbele ya majirani wote ni Philbert. Wale aliowashindilia kwa goti wamwone sasa akiwapimia kwa haki. Safari ya kwanza, Jumanne.

Faustina hakusema nami mpaka jioni. Kisha aliuliza ni miaka mingapi nimemfanyia mama yake hivyo. Nikasema kiasi. Akaniletea chakula. Viazi vya kuchemsha, bila kitoweo. Alikuwa amevipanga mpaka ukingoni, na juu ya ukingo akaongeza vingine, sahani ilikuwa na kilemba. Akakaa mbele yangu, mikono kifuani, mpaka nikamaliza.

Nimeapa kubadilika. Nimeapa kwa sauti, tumbo likiwa limejaa.

Jumanne, 24 Juni

Uyole tena. Jua limetoka, umande umekauka mapema.

Nimewaza sana njiani, na ni haki niandike ukweli ulivyo. Nani aliliokoa lori? Kama ningepakia magunia bapa kama Muhidini, nani angejua nguvu za BADO NIPO? Lingefika Iringa kimyakimya, na Dastan angesema ni bahati. Kilemba changu ndicho kilichothibitisha. Hakuna hata mmoja katika ukoo huu aliyenishukuru. Nimewasamehe.

Mzani umefika. Umetundikwa kwenye boriti ya banda, mweupe, unang'aa, mshale mwekundu. Majirani wamekuja na magunia bapa, mdomo umeshonwa vizuri. Walinisalimia kwa heshima, wengine wakaniita Bwana Mzani. Nilipima. Nilisoma kwa sauti. Kila mtu alisoma pamoja nami. Hakuna ugomvi, hakuna kucheka kwa kulazimishwa. Kweli ilikuwa asubuhi nzuri.

Mama mkwe alisimama kwa mbali akitazama. Kisha akamtuma shangazi kuniambia kwamba Mzee Adrian angefurahi kuniona hivi, kwamba breki zimepatikana. Nikashindwa kusoma gunia lililofuata, Dastan akalisoma kwa niaba yangu, na hata yeye hakutabasamu. Nikaapa tena, safari hii kwa moyo wote, kwamba mimi na udanganyifu tumeachana.

Gunia la Mzee Anania ndilo lilikuwa la mwisho. Lilitundikwa, likaning'inia, likawa linayumba kidogo. Nikasogea kulituliza kwa goti. Mshale ukarudi nyuma, kilo zikapungua.

Nikaondoa goti. Mshale ukasogea mbele.

Nikalirudisha. Ukarudi nyuma.

Mzee Anania alikuwa anatazama mshale. Wote walikuwa wanatazama mshale. Tangu mama awafundishe kusoma mzani, hakuna tena anayetazama chini.

Hii si lumbesa. Lumbesa nimeiacha na kiapo changu ni kizima. Nimetafuta kwenye simu jioni yote hii, na hakuna mahali ambapo sheria inataja goti.

Kesho nitavaa suruali pana.